Mtani Aliyelala Kaburini

Temeke, Dar es Salaam
Ijumaa, 14 Agosti 1953

Kwa Bwana Albano Mihayo,

Mtoto wetu Mwanaasha alifariki Jumanne, tarehe nne mwezi huu, kabla ya adhana ya alfajiri, mikononi mwangu. Alikuwa na miezi saba. Naandika "wetu" kwa kuwa barua hii ni yangu na yako tu, na bahasha nimeifunga mwenyewe.

Najua unajua. Ulikuwepo mazikoni. Hakuna aliyekuwepo kukushinda.

Sie wanawake hatuendi makaburini. Nilibaki ndani, nimeketi mkekani na kaniki kichwani, nangoja wanaume warudi kimya kama wanavyorudi watu waliotoka kuzika. Nilichosikia kwanza ni kicheko. Kilianzia mbali kwenye mikorosho, kikawa kinakuja nao. Wifi yangu, mke wa kaka Mwinshehe, akatoka kuuliza. Aliporudi alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na hayakuwa machozi ya msiba. Akanieleza. Kwamba kaburi lilipokuwa tayari, yule mtani wetu Mnyamwezi wa reli aliruka akaingia ndani, akalala chali, akasema nyumba hii imeshapata mpangaji, hatoki mpaka alipwe. Kwamba kaka alimbembeleza, akakataa. Kwamba mwisho akaanza kulia kama mtoto mchanga, mdomo wazi, miguu inapiga udongo, mpaka hata shehe akageuka pembeni kuficha meno.

Alidhani ananipunguzia uchungu. Hajui.

Usinifundishe utani, Albano, nimezaliwa ndani yake. Baba yangu alipokufa, Wanyamwezi walivaa kanzu yake wakaiga anavyokohoa, na mama alicheka siku ile ile aliyofiwa, na kicheko kile kilimsaidia. Ndivyo tulivyo, sie Wazaramo na nyie. Msiba wetu mnauingia mtakavyo na hakuna anayekasirika. Lakini mtani ni mtu wa kando. Mtani hucheka kwa kuwa maiti si wake.

Wewe ulimwiga nani? Sauti ile ya kulia uliisikia wapi, kama si humu chumbani mwangu?

Jumatatu nilipeleka nazi zangu stesheni, nikamkuta mtu mwingine mezani kwako. Wapakizi wakaniambia umehamishwa Tabora, umeondoka siku tatu tu baada ya mazishi. Huyu mpya anahesabu vibaya. Magunia yangu arobaini aliyaandika thelathini na manane, nikamsimamisha akayahesabu upya mbele yangu.

Nijibu.

Mwajabu binti Salehe


Tabora
20 Agosti 1953

Mtumwa wangu Mwajabu,

Karatasi yako imefika, na mwandiko umenyooka kuliko wa karani wetu mkuu. Mwalimu wako, yaani mimi, alikuwa hodari.

Pole sana, na pole tena. Mimi mzima, baridi tu ya asubuhi. Huku wanaita nazi kile kitu kilichokauka kama kichwa cha mzee. Ukituma gunia nitalipokea mwenyewe, halitapotea.

Uhamisho ulikuja tangu Juni. Sikukuambia kwa sababu nilifikiri labda watabadili, ofisi yetu unaijua. Nilipopata siku ya kuondoka ulikuwa na msiba, nyumba imejaa watu, nikaona si vizuri kuja kuaga mtu aliyefunikwa kaniki.

Kama mazikoni nilipita mpaka, basi nitoze faini. Nitaleta kuku, na kama kuku hatoshi nitaleta mbuzi, nanyi Wazaramo kwa kula hamshindwi. Lakini hasira usiweke. Kaka yako mwenyewe alinishika mkono akanishukuru.

Na wewe unakumbuka tulivyokubaliana, tena masharti uliyaweka wewe. Tulisema hakuna kuulizana. Mimi sikukuuliza kitu siku zote zile. Kwa hiyo na mimi usiniulize sana, mtani.

Kula vizuri. Wasalimie wote.

Wako wa zamani,
Albano


Temeke
25 Agosti 1953

Bwana Albano,

Kuku. Nimekuandikia habari ya mtoto aliyelala udongoni, unaniletea kuku.

Barua yako nimeisoma mara moja, ya pili sikuweza. Sasa soma yangu, na usiisome ukiwa na wenzako.

Sie tulijuana kwa nazi. Nilikuwa nakuja stesheni na magunia niliyoyaandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, na mzigo wangu ukapotea Dodoma kwa kuwa hakuna aliyeweza kulisoma jina langu. Ulininyang'anya kipande cha mkaa ukaandika MWAJABU ubavuni mwa gunia, ukasema, "Mtumwa, tangu leo jina lako ndilo hili." Nikakutukana, ukanitukana, tukaulizana makabila, tukakuta tu watani. Tangu siku ile ukawa unakuja Temeke kila Jumapili ukitoka kanisani, baiskeli yako inalia mnyororo tangu njia panda. Mtaa mzima ulikuwa unakungoja uje unitukane. Nilikupenda kama rafiki kabla ya jambo lolote, na hilo ndilo ninalolililia zaidi.

Nilikuwa nimeolewa mara mbili. Wa kwanza alikula mtaji wangu, wa pili alitaka niache biashara nikae ndani. Nikatoka. Nyumba hii niliiezeka bati mwenyewe kwa nazi na kwa jasho, na nikaapa hakuna mwanamume atakayeingia tena na begi lake. Ndiyo maana Jumapili ile ya mvua, tulipofanya tulichofanya, niliweka masharti kabla hujavaa viatu. Hakuna wivu. Hakuna kuulizana. Mmoja akichoka, tunarudi kuwa marafiki kama jana yake. Tukapeana mkono kama watu wanaouziana ng'ombe, tukacheka.

Nikadhani nimepata faida pande mbili. Nina rafiki, na nina mwanamume, na simpikii mtu kila siku. Hesabu zangu huwa hazikosei, unajua. Hiyo ilikosea. Mwanamke akiumizwa na mume hukimbilia kwa rafiki yake. Mie nikimbilie wapi, na rafiki ndiye huyo huyo?

Nilipokuambia nina mimba ulisema nini? Ulisema, "Mzigo huu lebo yake imesomeka wapi?" Nikacheka. Nilicheka kwa sababu ulishaanza kucheka. Ukaja Jumapili iliyofuata kama kawaida, ukala, ukanitukana tumbo mbele ya majirani, nao wakafurahi. Nikawaambia watu baba wa mtoto ni mtu wa Kilwa, amepita. Sikukutaja. Sharti ni sharti.

Pale kaburini, nimeambiwa, shehe aliuliza tunamwombea binti nani. Kaka akasema, "Binti Abdallah," kama wasemavyo kwa mtoto asiye na mtu. Ulikuwa umekaa ukingoni, miguu bado ina udongo wa ndani. Ukasikia. Ukanyamaza.

Usiniite tena mtumwa. Utani wetu nimeuzika. Siku ukiwa na neno la mtu mzima, niandikie. Huna, basi usipoteze stempu.

Mwajabu binti Salehe


Temeke
Ijumaa, 28 Agosti 1953

Kwa mtumwa wetu mtoro, Albano wa Tabora,

Mimi bwana wako Mwinshehe bin Salehe nakuandikia nikiwa na afya, na biashara ya dada inakwenda. Nyie wabeba mizigo mna bahati, zamani mlikwenda kwa miguu mkibeba pembe za ndovu, leo mnabebwa na gari moshi na mshahara juu.

Nakuandikia kwa mambo mawili. La kwanza ni shukrani. Siku ile ya kumzika mtoto wa dada yangu nilikuwa nimebanwa kifua, nasikia kama nitaanguka mbele za watu. Ulipolala mle ndani ukakataa kutoka, nilipata pumzi. Wazee wa hapa wanasema hawajaona mtani aliyefanya kazi yake vile tangu siku za Wajerumani. Hata watoto wa mtaa wamefanya mchezo. Wanachimba shimo mchangani nyuma ya nyumba yetu, mmoja analala analia, wengine wanamwambia "Toka, tunakulipa." Dada aliwatoa kwa kuni. Nikamwambia waache, watoto hao.

Nilitaka kukuuliza jambo, nalo ni dogo. Ulipotoka mle shimoni macho yako yalikuwa mekundu sana. Nikajua ni mchanga, mchanga wa pale mkali. Natumaini yalipona.

La pili, arobaini ya mtoto ni Jumamosi tarehe 12 Septemba, adhuhuri. Bila mtani arobaini haina ladha. Omba ruhusa, panda treni, uje uchukue haki yako ya mwisho. Na ukweli ni kwamba nakuita kwa ajili ya dada. Hali chakula. Kazi anafanya, hesabu anafanya, lakini akikaa anakaa kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kusema. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kumchekesha.

Nimekumbuka. Vijana wa treni wametuambia unaoa, kwamba mama yako amekuposea binti mmoja anaitwa Anastasia, na padri ataanza kusoma tangazo Jumapili hii. Hongera, mtumwa. Nilimwambia dada habari hiyo tukiwa ghalani. Alicheka mpaka akakaa juu ya magunia. Nikafurahi, nikasema angalau kacheka. Kisha akaniambia nikazihesabu nazi zote upya, ghala zima, na yeye akafunga mlango wa chumbani kwake.

Njoo.

Bwana wako,
Mwinshehe


Tabora
Jumatano, 2 Septemba 1953

Mwajabu,

Nimepata barua ya kaka yako. Yako ilikuwa mfukoni tangu wiki iliyopita, nilishindwa kuijibu. Nitajibu zote kwako, na yeye usimwonyeshe mpaka utakapotaka mwenyewe.

Hakuna mchanga ulioingia machoni mwangu.

Siku ile nilifika kwenu saa tatu asubuhi. Nilisimama uani na wanaume wengine. Kaka yako alikuwa anapewa mkono na kila mtu. Mimi nilipewa jembe, kwa kuwa watani ndio wachimbaji. Nilichimba. Ukubwa wa shimo nilijua bila kuambiwa, nilikuwa nimembeba Jumapili mbili nyuma. Jeneza lilipokuja limebebwa na mtu mmoja mikononi, nilitaka nilipokee mimi. Kwa njia gani? Mimi ni Mkristo, si ndugu, si mkwe, baba wa mtoto anajulikana ni mtu wa Kilwa. Ningenyoosha mikono wangeniuliza nini kimenipata. Mlango mmoja tu nilikuwa nao, nao ni utani. Mtani anaweza kuingia popote, na hakuna anayemwuliza sababu.

Basi niliruka. Nilitaka nikae pale chini kidogo kabla yake, nione kama kuna jiwe. Nililala nione kama panatosha. Wakaanza kucheka, nikasema yale maneno ya mpangaji kwa kuwa ndiyo yaliyotakiwa. Nilipokataa kutoka, sikutaka malipo. Sikuweza kutoka.

Na kulia, Mwajabu, sikumwiga mtu. Kilio kilitoka chenyewe. Nilipofungua macho nikaona nyuso zimeinama juu ya shimo, zimenyamaza, zinaanza kushangaa. Ndipo nikakirefusha. Nikapiga miguu, nikakigeuza kuwa kilio cha mtoto, wakacheka tena. Nilicholia ni changu, nikakifunika kwa sauti ya binti yangu ili wasijue. Ulichouliza ndicho hicho, na jibu lake ndilo hili. Ndiyo, niliisikia chumbani mwako.

Alichonilipa kaka yako nilimwachia mlinzi wa makaburi awe anapalilia.

Niliponyamaza nilikuwa nanyamaza kwa sharti lako. Binti Abdallah nilimsikia. Nilijiambia, kama mama yake anataka iwe hivyo, mimi ni nani. Najua sasa ni maneno ya mtu mwoga.

Lakini na mimi nina langu, na umeniambia niseme kama mtu mzima. Unakumbuka harusi ya binti wa Mzee Kibwana pale Chang'ombe, mwaka jana mwezi wa saba? Nilikuja nimevaa koti. Nilikaa juu ya mkeka wa bibi harusi, nikasema mbele ya watu wote kwamba leo siondoki bila Mwajabu, namwoa. Ukasema, "Kamlete kwanza bibi yako awe mahari." Watu walianguka kwa kucheka, nikacheka nao.

Sikuwa natania. Wiki mbili kabla nilikuwa nimekwenda Keko kwa Mwalimu Zuberi kumwuliza mtu anasilimu vipi na inachukua muda gani. Nilimwambia mtoto yuko njiani, sikumtaja mwenye mimba. Koti nililiazima kwa ajili ya siku ile. Nilikosa moyo wa kukuuliza tukiwa wawili, kwa kuwa tukiwa wawili kulikuwa na sharti. Nikafikiri nikikuuliza mbele za watu utaona usoni mwangu. Ulinitazama usoni, ukacheka.

Nikarudi Gerezani, kwenye nyumba zetu za reli, kwa miguu nikiikokota baiskeli. Tangu siku ile nilijua umeshanijibu.

Juni nilipoambiwa Tabora, sikukataa. Mama aliponiandikia habari za Anastasia, sikukataa. Ni binti mpole wa hapa misheni, nimezungumza naye mara chache. Tangazo la kwanza limesomwa. La pili ni Jumapili hii, na la tatu tarehe 13, siku inayofuata arobaini.

Sikuombi kitu. Uliniuliza, nimejibu.

Albano


Temeke
Jumatatu, 7 Septemba 1953

Albano,

Barua hii sikuipeleka posta. Nampa gadi wa treni ya kesho, Theonest, yule Mhaya mrefu. Ataiweka mkononi mwako Jumatano, na nimemwambia akutazame ukiipokea.

Mie siamini barua kabla ya kupima. Jana asubuhi nilijifunga buibui nikaenda Keko kwa Mwalimu Zuberi. Nilimpa shikamoo, nikakaa kizingitini, nikamwuliza kama mwaka jana alijiwa na karani wa reli, Mnyamwezi, mwenye pengo la jino. Akasema alikuja mara mbili, si mara moja kama ulivyoandika, na mara ya pili alikuja kusema basi, aliyemtaka hamtaki. Akaniuliza mie ni nani kwake. Nikasema mteja wa nazi. Nilipofika njiani nikakaa chini kwenye majani, mtu mzima mimi, mpaka muuza maji akasimama kuniuliza kama naumwa.

Sasa nisikie na mie.

Kile chakula cha Jumatano nilichokuwa nakuletea stesheni kwenye kikapu, nikisema kimebaki, hakikubaki. Nilikipika kwa ajili yako tangu alfajiri. Nilianza mwezi wa pili wa masharti yetu. Siku moja nilikuja nikakuta kitambaa cha mwanamke juu ya kiti chako, nikakuuliza bei ya kusafirisha nazi mpaka Kigoma, nikaondoka. Sikulala. Hakuna wivu, mie ndiye niliyeweka sharti hilo, na mie ndiye niliyelivunja wa kwanza, sema sikupiga kelele. Nilikuona umetulia, nikajua hujali. Nawe uliniona natukana, ukajua sijali. Tukaenda hivyo mpaka akazaliwa mtu.

Na harusi ya Chang'ombe. Nilikuwa nimeshika sinia la pilau. Uliposema yale, moyo wangu ulisimama, Albano. Mimba ilikuwa imeanza kuonekana, majirani wanayapima macho yangu na yako. Kama ningechelewa kucheka hata kidogo, wangejua. Nikakimbilia kucheka. Usoni mwako sikuona kitu kwa sababu sikukutazama, nilikuwa nawatazama wao. Usiku ule nilijifunika nikajiambia, huyu mwanaharamu anafanya mzaha na tumbo langu. Nikakuchukia karibu mwezi mzima, nikikupikia.

Kwa hiyo mtoto wetu alikuwa na baba aliyemtaka na mama aliyemtaka baba, na kaondoka duniani anaitwa binti Abdallah. Hakuna adui aliyetufanyia. Tumejifanyia wenyewe, kwa kucheka.

Siwezi kukurudisha Juni, wala siwezi kumtoa mchangani. Lakini Jumamosi iko mbele bado.

Jumamosi tarehe 12 watu watakuja hapa. Kitasomwa kisomo, kisha shehe atataja jina la anayeombewa. Nimeshamwuliza. Kasema kwa sheria mtoto ni wangu, hana baba. Nikamwambia sawa, sheria ni yake, nami nina baraza langu, nimelijenga mwenyewe, na anayesimama juu yake atasema ninachomruhusu. Nataka usimame pale kisomo kikiisha na kabla chakula hakijapakuliwa. Mbele ya kaka, mbele ya wale wazee wanaokusifu, mbele ya watoto wanaocheza mchezo wako. Useme, "Mwanaasha ni mwanangu." Watacheka, maana wewe ukifungua mdomo ndivyo wanavyofanya. Uwaache wacheke mpaka wachoke, halafu useme tena.

Kaka sijamwambia. Atakupiga, pengine. Utavumilia.

Habari ya Anastasia ni yako. Msichana huyo hajanikosea, nami simwombei mabaya. Kama unamtaka, rudi ukasikilize tangazo lako la tatu, sitakushika shati. Lakini kama humtaki, usimwingize katika nyumba ya mtu anayelia kwa kuigiza. Najua nyumba hiyo ilivyo ndani. Ukibaki hapa baada ya Jumamosi, tutakaa, mie na wewe, mlango wazi, bila mtu wa kucheka, na utaniuliza tena ulichoniuliza Chang'ombe. Safari hii nitakutazama usoni. Nitakachojibu sikiandiki hapa. Kingoje kama nilivyongoja mimi.

Treni ya kukufikisha inaondoka Tabora Ijumaa. Kwa hiyo nataka jibu Alhamisi. Usiandike barua, itachelewa, na barua zako zinajua kujificha. Piga telegramu kwa jina langu. Andika Nakuja, au andika Siji. Neno moja, usiongeze la pili. Usiulize afya yangu, usiniite mtani.

Alhamisi nitafunga ghala mapema. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi za posta mpaka mlango ufungwe. Wakifunga sijapata kitu, nitahesabu umeandika Siji, na Jumamosi nitamwacha kaka aseme binti Abdallah mara ya pili.

Unakuja au huji?

Mwajabu binti Salehe,
mama yake Mwanaasha